FUNDI NA MWANAGENZI: NANI AMDAI NANI?

Katika lugha yetu majina ya vitu hayabadiliki bure. Jina likibadilika, aghalabu fikira iliyo nyuma yake nayo imekwisha badilika, au imo njiani kubadilika. Zamani, kijana aliyeajiriwa katika shirika au kampuni ya uhandisi alipokelewa na ofisa utumishi, na mahali alipoandikishwa jina lake paliitwa Idara ya Utumishi. Siku hizi, katika ofisi nyingi za serikali na za makampuni, idara ile ile huitwa Idara ya Rasilimali Watu. Kazi zake hazikubadilika sana: kuajiri, kupanga mishahara, kupeleka watu masomoni, kupandisha vyeo na kutunza majalada. Lakini mtu aliyekuwa akiitwa mtumishi sasa amekuwa rasilimali.

Maneno haya mawili yafaa yapimwe kabla hatujaendelea. Mtumishi ni mtu anayetumika. Neno lenyewe linamtaja mtu pamoja na tendo lake, na papo hapo linatufanya tuulize anamtumikia nani. Rasilimali ni mali anayoanzia mtu biashara. Mwenye rasilimali huiweka mahali penye faida, na faida ikikoma huiondoa. Hakuna awezaye kuilaumu rasilimali kwa kukosa shukrani, wala hakuna awezaye kusema kwamba mwenyewe ameidhulumu. Mali haidai wala haidaiwi chochote. Mtu hudai na hudaiwa.

Hapo ndipo lilipo swali la makala hii. Kijana ametoka chuoni akaingia katika kampuni ya uhandisi. Anamkuta mhandisi mzee aliyekwisha ijua kazi. Juu yao iko kampuni inayowalipa wote wawili, na juu ya kampuni liko taifa lililowasomesha. Katika hawa wanne, nani anamdai nani? Na deni hilo hulipwa kwa namna gani?

Tumeuchagua uhandisi kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ambayo elimu ya darasani haitoshi. Mtu aweza kupasi hesabu zote za mizigo na nguvu, na bado asijue kwa nini zege lililomwagwa jana limepasuka leo. Pili, kosa la mhandisi hulipwa na watu wengine. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine liliporomoka Kariakoo, katika jiji hilo hilo, likaua zaidi ya watu 20. Hatukusudii hapa kueleza chanzo cha misiba hiyo. Hiyo ni kazi ya vyombo vya uchunguzi. Tunakumbusha tu kwamba waliozikwa hawakuwa wametia sahihi mchoro wowote. Kwa hiyo, namna mhandisi kijana anavyofundishwa kazi si siri kati yake na mwajiri wake. Inatuhusu sote tupitao chini ya majengo na juu ya madaraja.

Mwana wa mhunzi

Wahenga walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Maana yake ni kwamba mtoto wa mfua vyuma, hata kama mkono wake haujaiweza nyundo, hakai bure, hushika mivukuto.

Methali hii ina mafunzo mawili, na la pili husahauliwa mara nyingi. La kwanza ni kwamba anayeanza kazi huanzia chini. Hilo kila mzee wa kazi hulikumbuka, na hulisema kwa sauti kubwa. La pili ni kwamba mahali hapo pa chini ni kando ya moto wenyewe. Mvukutaji huuona moto. Hujifunza rangi ya chuma kilichoiva na rangi ya chuma kilichopita kiasi. Huisikia nyundo ikipiga mahali panapostahili, na huisikia pia inapokosea. Siku atakapopewa nyundo, nusu ya kazi atakuwa anaijua tayari. Wahenga hawakusema kwamba mwana wa mhunzi asiposana atatumwa sokoni.

Kwa mafundi wa pwani, yaani maseremala, waashi na waunda majahazi, kijana aliyekuwa akijifunza aliitwa mwanagenzi. Tuangalie kwamba neno hilo, kama lilivyo neno mwanafunzi, linaanza na mwana. Alimbebea fundi zana zake, akashika upande wa pili wa ubao, akajifunza kukalafati nafasi za mbao ili maji yasiingie chomboni, na mwisho akapewa kazi yake mwenyewe ili aonekane. Alipohitimu, ilikuwa ada kumpa fundi wake zawadi iliyoitwa kilemba. Kilemba hakikuwa bei ya mafunzo kama bei ya samaki. Kilikuwa ushahidi mbele ya watu: kwamba ujuzi wa kijana huyu umetoka kwa mtu fulani, na kwamba tangu leo yeye naye ni fundi.

Lakini tusiupambe utamaduni wetu kwa rangi usizokuwa nazo. Ujuzi mwingi wa zamani ulifungwa ndani ya ukoo. Upareni, kwa mfano, Washana ndio waliojulikana kwa uhunzi, na kijana wa ukoo mwingine hakuweza tu kuja na kuomba afundishwe. Katika jamii nyingi za wafua vyuma wanawake walikatazwa kuukaribia moto wa tanuru, na kwa hiyo nusu ya akili za watu ilibaki nje ya kiwanda. Tena mafundi wengine waliwatumia wanagenzi wao miaka mingi kwa kuteka maji na kupasua kuni. Mambo hayo hatuyataki, na hatuna haja ya kuyaonea haya kuyataja. Kuurithi utamaduni ni kuchagua.

Ujuzi uliofungwa una hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Wahaya wa Mkoa wa Kagera waliyeyusha chuma kwa karne nyingi, hata vyombo vya chuma kutoka ng'ambo vilipowaharibia soko na kazi ile ikakoma. Mwaka 1976, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walipotaka kuiona kazi hiyo ikifanywa, iliwabidi wawategemee wazee wachache waliowahi kuifanya ujanani mwao. Wazee wale walijenga tanuru kwa kukumbuka. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 1978, na watafiti wakaeleza kwamba mafundi hao walijua namna ya kuipasha moto hewa ndani ya mabomba ya udongo kabla haijafika kwenye kiini cha tanuru. Yatupasa kulitafakari jambo hili. Ujuzi wa vizazi vingi, uliowashangaza wataalamu wa dunia, ulikuwa umebaki katika kumbukumbu za wazee wanaohesabika kwa vidole. Wazee hao hawakuwa wachoyo. Ila walikuwa hawana wanagenzi. Na ujuzi hauna ghala jingine ila mtu mwingine.

Kutoka ukoo hadi taifa

Mwalimu Julius Nyerere alipenda kukumbusha kwamba nchi yetu ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na wahandisi wawili tu na madaktari 12. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, kijana wa Tanzania aliyetaka kusomea uhandisi alikwenda Nairobi. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo chake cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Hapo ndipo tanuru lilipohamishwa rasmi kutoka kwa ukoo likapelekwa kwa taifa. Mwanagenzi hakuchaguliwa tena kwa damu yake. Alichaguliwa kwa mtihani, na gharama yake ililipwa na wakulima na wafanyakazi ambao wengi wao hawakupata kuliona darasa la chuo.

Wakati huo huo reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa. Ujenzi ulianza mwaka 1970 ukamalizika mwaka 1975, na reli hiyo ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Maelfu ya vijana wetu walifanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa Kichina, na mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Waliopanga hivyo walijua jambo moja: reli hukabidhiwa kweli kweli siku ile mwenyeji anapoweza kuitengeneza injini iliyokwama porini, mgeni akiwa amekwisha rudi kwao.

Tangu hapo nchi imeendelea kutafuta utaratibu. Sheria ya kuwasajili wahandisi ilitungwa mwaka 1968, na nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 1997. Mwaka 2003, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa mafunzo ya kazi kwa wahandisi wahitimu, unaochukua miaka mitatu. Katika mpango huo, mwenye shahada huwekwa katika kampuni au taasisi chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa, huandika kazi anazozifanya, hupeleka taarifa, na baadaye hupimwa kabla hajasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuratibu ajira za wageni, nayo inamtaka mwajiri wa mtaalamu wa kigeni aonyeshe mpango wa jinsi ujuzi wa mgeni huyo utakavyorithishwa kwa mwenyeji.

Kwa maneno mengine, serikali imejaribu kufanya kwa sheria lile ambalo ukoo ulilifanya kwa damu. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, sheria yaweza kumwamuru mzee wa kazi atie sahihi katika daftari la kijana, lakini haiwezi kumwamuru amwonyeshe kijana huyo yale asiyoandika mtu. Daftari laweza kujaa na kijana akabaki mtupu. Pale sheria inapoishia ndipo maadili yanapoanza kazi yake.

Hofu ya mzee wa kazi

Tuanze na mzee, kwa kuwa yeye ndiye mwenye moto. Mara nyingi mzee wa kazi anayeficha ujuzi hana roho mbaya. Ana hofu. Hujisemea moyoni: Nikimfundisha huyu, kesho atakikalia kiti changu.

Wengine humjibu upesi upesi kwamba ujuzi haupungui kwa kugawiwa. Jirani akija kuomba kaa la moto, jiko letu halizimiki. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, maana mzee hahofii moto, anahofia kiti. Moto wawezekana kugawanywa, kiti hakigawanyiki. Ikiwa katika kampuni fulani mtu hubaki kazini kwa sababu ni yeye peke yake ajuaye mtambo ulivyofungwa, basi siku atakapoeleza siri hiyo atakuwa amechimba kaburi lake mwenyewe. Kumtaka mtu huyo afundishe bila kumpa hakika yoyote ni kumtaka awe mtakatifu, na kampuni haiendeshwi kwa watakatifu.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa wakuu wa kampuni. Yawapasa waifanye kazi ya kufundisha iwe kazi, ihesabiwe saa zake, na iwe njia ya kupanda cheo. Mhandisi asipimwe kwa madaraja aliyoyajenga tu. Apimwe pia kwa wahandisi aliowaacha nyuma yake. Hapo mzee ataona kwamba kijana anayepanda anamwinua na yeye.

Baada ya kumpa hakika hiyo, sasa tunaweza kumdai. Nasi tunamdai mengi, kwa sababu ujuzi wake hakuununua kwa fedha zake. Alifundishwa na waliomtangulia. Makosa yake ya ujanani yalilipiwa na wananchi: saruji iliyotupwa, mtambo uliofungwa vibaya ukafunguliwa upya, barabara iliyorudiwa. Kila kosa lililomfundisha lilikuwa ada ya shule iliyolipwa na mfuko wa umma. Akiondoka na ujuzi huo bila kumwachia mtu, ameondoka na mali ya watu wengi. Kwa watumishi wengi wa umma umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Mhandisi aliyeanza kazi na miaka 25 hustaafu akiwa na ujuzi wa miaka 35. Kampuni isiyopanga mapema nani ataurithi huo ujuzi, siku ya kustaafu humpa mzee mkoba, saa ya ukutani na hotuba, kisha mzee huenda zake na miaka yote 35.

Hofu ya kampuni

Kampuni nayo ina hofu yake. Husema: Tukimfundisha kijana huyu miaka mitatu, mwaka wa nne atakwenda kwa mwingine anayelipa zaidi, kwa nini tupande shamba litakalovunwa na jirani?

Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Ipo kampuni inayofundisha, na ipo nyingine inayongoja tu vijana waive ili iwachume. Anayechuma asipopanda hudhani kwamba ana akili kuliko wenzake, lakini wote wakiiga akili hiyo hakuna atakayepanda, na msimu ukifika hakuna wa kuvuna. Ndiyo sababu nchi huwatoza waajiri kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ili mzigo wa kufundisha ubebwe na wengi. Kodi hiyo husaidia, ila haiwezi kukaa kando ya kijana na kumsahihisha mkono.

Makampuni mengine hutumia mkataba unaomfunga kijana abaki kazini miaka kadhaa baada ya kufundishwa, ama arudishe gharama. Je, mkataba wa namna hii ni wa haki? Tunaona kwamba waweza kuwa wa haki kwa masharti matatu. Kijana awe aliujua kabla hajaanza. Mafunzo yawe yalitolewa kweli, si jina lake tu. Na muda wa kufungwa ulingane na gharama iliyotumika. Ukitimiza hayo, mkataba huo ni kilemba cha zama zetu: kijana anatoa heshima kwa mahali palipomfanya fundi, kisha yuko huru. Ukikosa hayo, umekuwa kamba. Kilemba hutolewa siku moja na watu wote wakashuhudia. Hakuna ada yoyote ya mababu iliyosema kwamba mwanagenzi atavikwa kilemba na fundi asikivue kamwe.

Kuna dhuluma nyingine inayojificha ndani ya neno mafunzo. Ni pale kijana anapofanya kazi kamili ya mfanyakazi mwenye mshahara, mwezi baada ya mwezi, naye halipwi kwa kuwa anaambiwa kwamba bado anajifunza. Kanuni yetu ni rahisi. Muda ambao kijana anachukua zaidi ya anavyotoa, ni mwanafunzi, na posho ya kumwezesha kuishi yatosha. Siku anapotoa zaidi ya anavyochukua, ni mfanyakazi, na ujira ni haki yake. Kumwita mwanafunzi mtu ambaye hakuna anayemfundisha ni kuiba kwa kutumia kamusi.

Subira ya kijana

Sasa tumgeukie kijana, maana haki isiyo na wajibu ni nusu ya haki.

Katika miaka ya 1960, Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila akashiba asirudi, amewasaliti waliobaki. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, nao zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Historia hiyo hukumbukwa sana kwa adhabu waliyopata vijana. Tunaomba ikumbukwe kwa jambo jingine pia: siku hiyo hiyo Rais aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijua kwamba mkubwa anayemdai mdogo hana budi kuanza kulipa yeye. Kijana husikiliza hesabu ya deni lake vizuri zaidi akimwona mzee naye analipa.

Kijana anadaiwa nini basi? Anadaiwa kwanza kuikubali mivukuto. Vijana wengine hutoka chuoni wakidhani kwamba shahada imewavusha juu ya matope. Hukataa kusimama na fundi mwashi, kwa kuwa fundi hakusoma. Lakini fundi mwashi aliyekoroga zege miaka 20 hutambua kwa sauti ya koleo kwamba maji yamezidi, kabla chombo chochote cha kupimia hakijaletwa. Mhandisi kijana anayejua kwa nini maji yakizidi zege hudhoofika, na fundi anayejua kwamba yamezidi, kila mmoja ana nusu. Wakikaa pamoja jengo husimama.

Mwenye shahada anaweza kupewa kazi ya kujaza zege katika vikasha vya chuma, kuvitunza vipande vile vya mraba majini, na kuvipeleka kuvunjwa kwenye mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili nguvu yake ijulikane. Kazi hiyo inachosha, nayo haina sifa. Lakini atakayeifanya kwa uaminifu mwaka mzima atakuwa amejifunza somo ambalo hakuna kitabu kitakachomwingizia mifupani: kwamba zege haliheshimu cheo cha mtu, na kwamba namba iliyoandikwa bila kupimwa ni uongo unaongoja siku yake. Siku atakapotia sahihi yake chini ya mchoro, mkono wake utakumbuka.

Hata hivyo, hatuwezi kumwambia kijana avumilie kila kitu. Subira nayo ina mpaka, na mpaka huo umo katika methali tuliyoanza nayo. Kijana akipewa kazi ya chini, ajiulize: Je, kazi hii inanikalisha kando ya moto? Kupima vipande vya zege ni kuvukuta. Kuhesabu nondo kabla hazijafunikwa ni kuvukuta. Kuandika kumbukumbu za mkutano wa wahandisi ni kuvukuta, kwa kuwa anasikia namna wakubwa wanavyopatana na wanavyokosana. Lakini kununua vocha za mkubwa, kuchemsha chai na kunakili karatasi kwa miaka mitatu hakumkaribishi motoni hata hatua moja. Akidai kutolewa hapo, kwa adabu na kwa maneno yaliyo wazi, asiitwe mkaidi. Anadai kilicho chake, na tena anadai kwa niaba ya wote watakaopita juu ya daraja lake.

Na hili laongezeka uzito kwa wasichana. Katika kampuni nyingine, mhandisi wa kike hupewa meza ya ofisini ilhali mwenzake wa kiume anapelekwa kwenye ujenzi, na wakubwa huliita jambo hilo huruma. Hiyo ni sheria ya zamani ya kumweka mwanamke mbali na tanuru, imevaa nguo mpya. Baada ya miaka mitano kijana wa kiume ana ujuzi, msichana ana mafaili, kisha watu husema kwamba wanawake hawaiwezi kazi. Mila hiyo tuliikataa hapo juu, na hatuna budi kuikataa hata inapokuja kwa tabasamu.

Deni hulipwa mbele

Tulianza kwa kuuliza nani anamdai nani. Sasa twaweza kujibu. Mzee anamdai kijana heshima na bidii. Kijana anamdai mzee moto, na anaidai kampuni ujira na nafasi. Kampuni inamdai kijana uaminifu kwa muda unaolingana na ilichompa. Taifa linawadai wote, kwa sababu ndilo lililolipa kwanza, na ndilo linalozika watu pale kazi inapoharibika.

Lakini ukilitazama deni la ujuzi kwa makini utaona kwamba lina tabia yake ya pekee. Haliwezi kulipwa lote kwa yule aliyelikopesha. Mwanagenzi aliyempa fundi wake kilemba hakuwa amemaliza deni, alikuwa amelikiri. Malipo yenyewe aliyafanya miaka mingi baadaye, siku alipomshika mkono kijana mwingine asiyejua kushika msumeno. Wazee wa Kagera waliojenga tanuru mwaka 1976 walikosa mtu wa kumlipa deni hilo, na hasara yake ni yetu hadi leo.

Kwa hiyo neno rasilimali, kama tutaendelea kulitumia, tuliweke mahali pake. Ujuzi ni rasilimali ya taifa. Mtu ni mwenye kuubeba, kuupokea na kuupitisha. Kampuni inayomhesabu kijana pamoja na matingatinga na mitambo itamtumia mpaka achakae, kisha itatafuta mwingine. Kampuni inayomwona kuwa mwana atakayekuwa fundi itamfundisha, itamdai, itamwacha aende akitaka, na itashangaa jinsi wengi wanavyopenda kubaki.

Walimu watakaosoma makala hii na wanafunzi wao wasidhani kwamba hayo ni mambo ya makampuni peke yake. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, ilidai kwamba darasa na kazi visiachane. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayemwelewesha mwenzake hesabu iliyomshinda tayari ameanza kulipa deni. Yule anayezificha karatasi za mitihani iliyopita ili awe wa kwanza peke yake, naye ameanza kuwa mzee wa kazi mwenye hofu, kabla hata hajapata kazi. Mwalimu awatazame wote wawili, na aamue ni yupi atakayempa sifa mbele ya darasa.